Nilivyoacha kukosa sikukuu kwa sababu ya mboga

Miaka mitatu iliyopita sikukuu niliisikia tu, sikuiona. Watu wanacheka sebuleni mi niko jikoni na mwiko, kila nikisema ngoja nikakae nao kidogo kuna kitu kinaungua. Na kilichokuwa kinanimaliza ni mboga, maana nyama ukishaiingiza kwenye oveni inajiivia yenyewe lakini mboga umenye, ukate, uchemshe, usimame pale zisirojeke, halafu zifike mezani za moto pamoja na vitu vingine vyote. Nikasema mwakani sifanyi hivi, napika kaseroli ya mboga mapema, naigandisha kwenye friza, siku yenyewe naichomeka kwenye oveni naenda kukaa na watu. Kwa asiyeijua, kaseroli ni mboga zilizochanganywa na sosi nzito ya maziwa na jibini, zinaokwa kwenye bakuli moja mpaka juu paive rangi ya kahawia.

Mwaka wa kwanza sasa, aisee. Nilikata viazi, karoti, brokoli na zukini zikiwa mbichi vilevile, nikamwagia sosi, nikafunika nikatupia friza. Wiki tatu baadae naoka, naleta mezani kwa mbwembwe, nafunua, maji! Yanaelea juu kabisa, sosi imekatika vidongevidonge, viazi ukitafuna kama sponji iliyolowa. Wifi yangu akachota akaonja akasema, "Wifi, supu yako tamu, ila bakuli ndo umetupa dogo." Watu wakacheka na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Baadae ndo nikaja kuelewa shida yote ni maji. Mboga karibu yote ni maji, sasa yakiganda yanakuwa barafu yenye ncha, inapasua mboga kwa ndani, ikiyeyuka kila kitu kinamwagika kwenye sosi yako. Huwezi kuzuia kabisa, kwahiyo unachofanya ni kuyapunguza kabla mboga haijaingia friza, na kuziacha kabisa zile zisizowezekana. Viazi vya vipande nimeviacha, zukini nimeiacha, na sizikumbuki. Nimebaki na brokoli, koliflawa, karoti, maharage machanga ya kijani, njegere na uyoga.

Mboga nazichovya kwenye maji yanayotokota kwelikweli, sio yale yanayoanza kutoa povu. Brokoli na koliflawa vipande vidogo dakika 3, maharage machanga 3, karoti za slaisi 2, halafu palepale kwenye beseni la maji ya barafu zisiendelee kuiva. Mwanzoni niliona kama usumbufu tu kwani si zitaiva kwenye oveni? Kumbe mboga mbichi hata ikiwa friza vimeng'enya vyake (kemikali za asili zilizo ndani yake) vinaendelea kufanya kazi polepole vinaharibu rangi na ladha, yale maji ya moto ndo yanavizima. Na usizidishe, zitoke bado ngumungumu, maana kuna oveni inakuja.

Halafu kitu ambacho mi naona watu wengi wanakiruka, kukausha. Nazimwaga kwenye chujio, nazitandaza juu ya kitambaa safi, nazifunika na kingine nazigandamiza taratibu kisha naziacha nusu saa naendelea na mengine. Brokoli hasa ni mnafiki, juu imekauka ndani ya vile vichwa imeficha maji, ilaze kichwa chini. Uyoga wenyewe nakaanga kwenye siagi kidogo mpaka maji yake yote yatoke na yakauke kwenye sufuria, usiwe na haraka nao. Njegere natumia zilizokwisha gandishwa, hizo hazina kazi, ziyeyuke tu na zichujwe.

Sosi kwa kilo moja na robo hivi ya mboga natumia siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 60, maziwa mililita 600 na jibini la kukuna gramu 200. Siagi iyeyuke, unga uingie ukaangike dakika 2 harufu ya ubichi itoke, maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, ikiwa nzito toa motoni ndo utie jibini. Iwe nzito kuliko unayoipenda siku za kawaida maana itazimuka tu kidogo huko mbele. Wanga wa mahindi achana nao kwa kazi hii, ukigandishwa ukayeyuka unaachia maji. Unga wa mchele wa kunata unavumilia friza kuliko hata ngano, ukiupata tumia. Kitunguu saumu nenda nacho polepole, kwenye friza ladha yake inakuwa kali na inaweza kugeuka hadi uchungu.

Kila kitu kipoe kabla ya kuchanganya na kugandisha, ila kupoa sio kuacha mezani jioni nzima, mi sizidishi saa 2, natandaza kwenye chombo kipana inapoa haraka.

Bakuli nalo lilinifundisha. Mwaka wa pili nilitengeneza mbili makusudi, moja ya kujaribia wiki moja kabla, na nashukuru. Nimetoa bakuli la glasi kwenye friza nimelitia moja kwa moja kwenye oveni iliyowaka, baada ya dakika kadhaa nikasikia paa! Limepasuka, vipande vya glasi ndani ya chakula, nikatupa vyote pamoja na roho kuniuma. Glasi ya baridi kali haitaki moto wa ghafla hata iwe ya oveni.

Siku hizi natandika foili ndani ya bakuli ikizidi pembeni, najaza mboga na sosi, nalaza friza usiku mmoja ikishakuwa jiwe nainyanyua na foili yake, naifunga tena foili nyingine na mfuko juu nikitoa hewa yote, bakuli langu linarudi kabatini. Hewa ikibaki mboga zinakaushwa na baridi zinakuwa na mabaka meupe. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, ndani ya miezi 2 hadi 3 ladha bado nzuri.

Siku mbili kabla ya sikukuu naitoa, naibandua foili ikiwa bado jiwe (ukisubiri iyeyuke utabandua na sosi), narudisha kwenye bakuli lilelile nililopaka siagi, naiweka kwenye friji sio mezani. Siku moja inatosha kama bakuli ni la wastani, mi langu kina chake kirefu ndo maana nawahi. Oveni nyuzi 180, dakika 30 ikiwa imefunikwa, kisha nafunua namwagia mkate mkavu uliosagwa niliouchanganya na siagi, dakika 20 nyingine. Ule mkate usiugandishe juu ya kaseroli, nilifanya hivyo ukawa uji, uweke mfuko wake peke yake. Kama umesahau kuyeyusha tumia chombo cha bati, funika, ipe kama saa moja na nusu. Kujua imeiva usiangalie pembeni panapochemka, angalia katikati, kipimajoto kisome nyuzi 74, kama huna chomeka kisu katikati hesabu mpaka kumi ukiguse, kiwe cha moto kweli sio vuguvugu.

Mwaka jana nilikaa sebuleni mwanzo mwisho, nimeinuka mara mbili tu. Wifi akachota, akaangalia chini ya kijiko kama anatafuta kitu, nikamwambia "Wifi supu mwaka huu hakuna," akaongeza ya pili.

Ya mwaka huu ishaingia friza juzi, na nimeiandika kwa kalamu nene jina na tarehe pande zote mbili, maana kuna moja mume wangu aliiyeyusha usiku akidhani ni nyama.