Nilivyoifunga folda ya wanawake hata mie nisiingie

Aliyeniambia "mjomba, piga 777 yataisha" (777 ni namba ya ruhusa za folda kwenye kompyuta) ni mpwa wangu wa damu, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Sie kazi yetu ni picha na video za harusi. Duka liko Mlandege, Unguja, tawi dogo liko Chake Chake, Pemba, na mwenye mali ni shangazi yangu. Asiyezijua harusi za kwetu namwambia hivi: ukumbi wa wanawake haingii mwanamme, hata wa kubeba waya. Wanaoshika kamera ni wasichana, wanaokata video ni wasichana hao hao, na binti za watu wanavua mabuibui wakijua kilichomo kitabaki humo. Siku mama wa bibi harusi akisikia kijana wa kiume ameona dakika moja tu, duka tufunge tukauze urojo.

Zamani ulinzi wetu ulikuwa ufunguo. Eksternali, yaani diski ya kuchomeka, ya wanawake inalala kabatini kwa shangazi, ya Chake inakuja na boti kutoka Mkoani imeviringishwa kwenye kanga. Mfungo Mosi uliopita, harusi juu ya harusi, moja ikaanguka bandarini Malindi na haikuwaka tena. Shangazi akanigeukia mie. Mie ndiye mtu wa kompyuta wa ukoo, cheo nilichokipata kwa kusomea uhasibu na kuwahi kubadilisha wino wa printa.

Nikaamua tuwe na seva, kompyuta moja ya kuhifadhi kazi ambayo maduka yote mawili yanaifikia kwa mtandao. Kompyuta kuukuu tulikuwa nayo. Diski mbili za TB 4 zilikula laki sita na kitu, UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, laki mbili na ushei. Shangazi aliinung'unikia UPS. Nikamkumbusha ile miezi mitatu ya giza Unguja, mwisho wa 2009 mpaka 2010, akatoa pesa bila ya neno, ingawa UPS yenyewe haifiki hata nusu saa. Kuweka Ubuntu, mfumo wa kuendeshea seva, sielezi, ni kubonyeza "endelea" tu.

Nilianza na FTP ya kawaida, njia ya zamani ya kupitisha mafaili mtandaoni. Wiki nzima nikajiona fundi, mpaka nilipofungua Wireshark, programu ya kuchungulia yanayopita mtandaoni, kwenye laptopu yangu mwenyewe nikaingia kwenye seva kama mteja. Paswedi yangu ikapita mbele ya macho yangu herufi kwa herufi, uchi. Nikahamia SFTP siku hiyo hiyo. Majina yanafanana lakini si ndugu: SFTP inapita ndani ya SSH, njia ya siri ya kuingilia kompyuta ya mbali, mlango 22, kila kitu kimefungwa, na huhangaiki na yale malango kibao ambayo FTP inataka ufunguliwe kwenye ruta. Jambo jengine, laini ya modemu ya simu aghlabu haipokei mtu kutoka nje. Nilizungushwa siku nne kabla hawajanipa anwani ya kudumu ya intaneti.

Sasa 777. Folda niliziunda kwa root, akaunti ya mkuu wa seva, kwa hiyo wasichana wakipandisha faili wanakataliwa. Nikamwandikia mpwa wangu aliyeko Dar, akanipa dawa yake ile. Na kweli yaliisha! Siku mbili kila mtu anacheka. Siku ya tatu akanijia kijana anayekata video za wanaume, mtoto mwenye adabu zake, anatazama viatu vyake.

"Kaka, kuna folda nimeifungua. Nahisi si yangu."

"Umeona nini?"

"Majina ya mafaili tu, wallahi. Nilivyosoma la mwanzo nikafunga."

La mwanzo lilikuwa bi_harusi_singo_01. Nilitoka jasho na feni iko juu yangu.

Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi, ya tatu ni ya kila kiumbe mwengine mwenye akaunti humo ndani. Kusoma 4, kuandika 2, na 1 kwa folda ni ruhusa ya kuingia. Ile saba ya mwisho ndiyo iliyoacha mlango wazi, mpwa wangu. Ya mwisho iwe sifuri.

Nikaizima seva, nikachukua karatasi na kalamu kama ningefanya hesabu za duka: nani yupo, anahitaji nini. Yakatoka makundi mawili, wanawake na wanaume, na folda ya kila moja nikaipa chmod (amri ya kupanga ruhusa) 2770. Hiyo 2 ya mbele usiidharau. Bila ya hiyo, faili la msichana wa Chake linakuja na kundi lake binafsi na mwenzake wa Mlandege halifungui. Ukiiweka, kila kinachoingia kinachukua kundi la folda.

Halafu nikataka kila kundi lifungiwe kwake, lisione hata majina ya folda za wengine. Hapo ndipo nilipolala macho. Naandika ChrootDirectory, agizo la kumfungia mtu ndani ya folda moja, nawasha upya, najaribu: imekatika. Nabadilisha paswedi: imekatika. Baada ya sala ya Isha nilisema dakika kumi tu. Chai imepoa, mke wangu amepiga simu mara mbili, mie bado nafuta na kuandika. Karibu na saa tisa usiku ndio ikanijia akili ya kusoma /var/log/auth.log, daftari la seva la nani kaingia na nani kakataliwa, kitu ambacho mwenye akili angekisoma mwanzo. Imeandikwa wazi: bad ownership or modes for chroot directory, yaani mwenye folda au ruhusa zake si sahihi.

Kumbe kosa langu lilikuwa ukarimu. Nilikuwa nawamilikisha wasichana folda ya juu, nikiona ndiyo haki. OpenSSH, programu inayoendesha SSH, haitaki. Folda unayomfungia mtu, na zote zilizo juu yake, ziwe za root na asiandike mwengine yeyote. Ni kama ukumbi: bibi harusi ana jukwaa lake, ukumbi una mwenyewe. Kwa hiyo /seva/wanawake ni ya root, 755, na ndani yake kuna "kazi", ndiyo jukwaa, yenye 2770. Kwenye sshd_config, faili la mipangilio yake, nikamalizia na ForceCommand internal-sftp -u 0007: anayeingia apate SFTP tu, na faili jipya lifungwe kwa asiye wa kundi. Nilipoingia mara ya kwanza, mwadhini wa alfajiri ndiye aliyenipongeza. (Ukigusa faili hilo endesha sshd -t kabla ya kuwasha upya. Mie mara moja nilisahau herufi nikajifungia nje.)

Video ghafi hazipiti mtandaoni, tusidanganyane. Saa nne za harusi kwa megabiti 50 kwa sekunde ni karibu GB 90, na kwa laini ya kupandisha megabiti 10 ni saa 20. Ghafi bado inapanda boti. Vinavyopanda seva ni picha na video zilizokwisha kukatwa.

Nikamwita shangazi aone. Akaangalia kijana wa wanaume anakataliwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaacha kuvuta tasbihi.

"Na wewe je, mwanangu?"

"Mie ndiye root, shangazi. Root haulizwi ruhusa."

"Basi bado hujafunga."

Sikuwa na jibu. Siku mbili baadaye nikawafundisha wasichana 7-Zip, programu ya kufungasha mafaili: kila harusi inafungwa kwa AES-256, kufuli la paswedi, kwenye kompyuta yao kabla ya kupanda, na wateue kificho cha majina ya mafaili pia, maana majina nayo yanasema. Kwenye kiwango cha kubana wachague kutobana kabisa. Video imeshabanwa tangu kwenye kamera, na kuibana tena ni kupoteza saa nzima bure. Paswedi wanaijua wao na shangazi, aliyeiandika kwenye karatasi akaitia kwenye kibweta pamoja na bangili zake. Ikipotea hiyo, kwaheri harusi.

Nilijaribu kufungua moja kwa root, mbele yake. Ikaniomba paswedi, na orodha haikuonyesha hata jina moja. Harusi ya dada yangu mwenyewe imo mle. Ninachokijua ni kwamba ina GB 11.