Ng'ombe wa udongo bila saruji

Nilitaka ng'ombe mkubwa aliyelala, wa kukaa barazani kwetu, na atokane na vitu vya hapa hapa Korogwe. Fundi mmoja akanisihi: "Dada, weka saruji, masika itammaliza." Nilikataa. Saruji ikishakauka haitanuki wala kusinyaa kama udongo, lakini udongo ulio chini yake unavuta unyevu na kuutoa kila siku. Matokeo yake lipu inabanduka vipande vipande, na unyevu unabaki umefungiwa ndani. Barazani kuna paa. Hilo ndilo linalomkinga na mvua.

Kumlaza kulikuwa na sababu: akisimama, uzito wote unaangukia miguu. Nilipanga mawe chini, yakainuka kiasi cha shubiri ili unyevu wa ardhini usimpandie, kisha nikasuka fito za mbavu na mgongo, nikazifunga kwa nyuzi za mkonge jinsi ukuta wa nyumba unavyofungwa. Nyuzi hizo hazina taabu kupatikana huku. Mkonge umekuwa zao la Tanga tangu Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893. Pembe ni matawi ya mpera niliyoyakuta yamepinda tayari.

Udongo nilichimba kwenye kichuguu kilichohamwa. Mchwa hupandisha chembe laini za mfinyanzi kutoka chini, ndiyo maana unashikana sana. Ukitumika peke yake, hata hivyo, unapasuka ukikauka. Nikafinyanga vibamba vidogo vya majaribio: kipimo kimoja cha udongo kwa kimoja cha mchanga wa mto, kwa viwili, kwa vitatu. Cha kwanza kilipasuka, cha tatu kilikuwa kinamomonyoka kikiguswa. Cha pili kilitulia, nikakifuata hicho.

Tabaka la kwanza nilikandika kwa udongo uliokandwa kwa miguu pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, nikiusukuma upenye katikati ya fito. Kabla halijakauka nikalikwaruza kwa kijiti, ili tabaka la juu lipate pa kung'ang'ania. Kusiriba ndiko kulikonipa raha kuliko yote. Hapo nilichuja udongo, nikachanganya mchanga na mavi mabichi ya ng'ombe, nikaacha mchanganyiko umefunikwa siku kadhaa mpaka ukawa unanata. Kila mara nililowesha kwanza panapopakwa, kisha nikapaka kwa kiganja, tabaka jembamba. Kope za macho nilizikunja kwa kidole gumba. Masikio ni nyuzi za mkonge zilizochovywa kwenye uji wa udongo, zikatundikwa hadi zikajishika zenyewe.

Bibi mmoja mfinyanzi ndiye aliyenikataza kumwanika juani. "Mjukuu wangu, mwache akauke polepole, mfunike gunia bichi." Akanionyesha pia kusugua kwa kijiwe laini cha mtoni wakati udongo ungali na ubichi kidogo, mpaka ung'ae, jinsi anavyosugua vyungu vyake. Wazigua na Wasambaa walikuwa na sanamu za udongo usiochomwa za kufundishia vijana jandoni na unyagoni, kwa hiyo ufundi huu una mizizi hapa.

Watoto wanampanda mgongoni, na panaponyonyoka napasiriba upya kwa konzi moja ya udongo ule ule.