Gololi, ubao wa mita 2 na ile 5/7 iliyonisumbua

Nikiwa form five, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), topiki ya vitu vinavyoviringika kwenye mteremko ilinitesa wiki nzima. Kila swali la mchapuko (a) nilikuwa naweka a = g sin θ basi (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, θ ni pembe ya mteremko), ndo tuliyozoea toka O-level, nikiangalia majibu nyuma ya kitabu nakuta namba nyingine kabisa, najiambia ah, msuguano huo umepunguza.

Likizo nikachukua ubao wa mita 2 pale nyumbani, upande mmoja nikauinua sentimita 10, kwa hiyo sin θ ni 0.05. Kwa fomula yangu mchapuko ulitakiwa uwe 0.49 m/s², yaani gololi ifike chini kwa sekunde 2.86 hivi. Mdogo wangu anaachia, mimi narekodi video na simu, tukarudia mara 10, inakuja 3.4, 3.3, 3.4 tena. Ukiiweka kwenye s = ½at² (s ni umbali, t ni muda) unapata kama 0.35, tofauti kubwa mno, nikaona hapana, hapa kuna kitu sijaelewa.

Kumbe gololi inashuka huku inajizungusha, na nishati ya kimo, mgh, ni ileile moja, lazima igawanywe kati ya kushuka na kujizungusha. Ukiandika mgh = ½mv² + ½Iω², tufe lililojaa I yake (ugumu wake wa kuzungushwa) ni 2/5 mr², ω (kasi ya kujizungusha) ni v/r, basi r inakatika, m inakatika, inabaki gh = 7/10 v², sasa h ni s sin θ na v² ni 2as, unatoka na a = 5/7 g sin θ. Piga hesabu: 0.35! Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Na msuguano niliokuwa nausingizia ndo unaoizungusha gololi, ila hauli nishati, maana pale inapogusa ubao haitelezi.

Tukajaribu na kipande cha bomba la plastiki, chenyewe uzito wote uko pembeni kwa hiyo mchapuko wake ni nusu ya g sin θ, kikatumia kama sekunde 4. Mdogo wangu akabisha kwamba gololi kubwa itaishinda ndogo, tukaziachia pamoja zikafika pamoja, hakuamini, akarudia mpaka giza likaingia.

Ukijaribu usitumie ubao wenye mfereji, gololi ikigusa kingo mbili haiviringikii nusu kipenyo chake kizima, na 5/7 hutaipata.