"Do" si "Je"

Nilikuwa mgeni kazini, na kila asubuhi tulikutana kwa simu ya video kabla ya shughuli kuanza. Siku moja tulitangulia wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa. Katika kupiga soga akataja mtaa anaokaa. Sikulisikia jina vizuri, nikataka alirudie, nikamuuliza kwa tabasamu tu: "You live where?"

Bwana yule alinyamaza. Akajikohoza. Kisha akaanza kunieleza kwamba kodi ya kule ni nafuu, kwamba kelele za barabarani mtu huzizoea, na kwamba hata hivyo anafikiria kuhama. Alikuwa anajitetea, nami sikujua nimemshtaki kwa kosa gani.

Nilikuja kuelewa baadaye sana. "You live where?" ni Kiingereza halali, ila si "Unaishi wapi?" ya mtu anayetaka kujua. Ni "Ati unaishi wapi?" ya mtu aliyesikia vizuri sana na nyusi zikampanda. Nilitakiwa kusema "Where do you live?" au "Where did you say you live?" Badala yake nilimdharau mtu saa mbili asubuhi.

Kiswahili ndicho kilichoniponza. Kwetu kiulizi hukaa palepale jibu litakapokaa, kama mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni. Amekwenda kazini, amekwenda wapi? Amenunua viatu, amenunua nini? Atarudi kesho, atarudi lini? Na swali likiwa la ndiyo au hapana, husogezi hata neno: "Umechoka" na "Umechoka?" zinatofautiana kwa sauti tu. Lugha yenye raha namna hii humlemaza mtu.

Siku hizi nafundisha watu wazima Kiingereza jioni, kwa mtandao, na nina daftari ninamoandika maswali yaliyokwenda kombo. Kurasa za mwanzo ni zangu mwenyewe, ili mwanafunzi akiona lake asidhani anachekwa. Lipo "Who is your name?" la mtu aliyetafsiri "Jina lako nani?" bila kupoteza hata punje. Lipo "How do you call this?" mara nyingi hata nimeacha kuhesabu, maana sisi huuliza "Hii inaitwaje?" na ile -je tunaichukulia kuwa "how", kumbe Kiingereza kinataka "what": "What do you call this?" Lipo pia "How is your boss?" lililojibiwa "He's fine, thank you", wakati muulizaji alitaka kujua bosi yukoje, mkali au mpole. Hilo ni "What is your boss like?"

Hayo mtu akisahihishwa mara mbili tatu anashika. Yanayojaza daftari ni mengine: "Did you went?" "Does she lives here?" "Do you are tired?" "Do you can help me?" Siku nilipoyapanga kwenye ukurasa mmoja niliona yote yanatoka kwenye imani moja, ambayo nami niliishi nayo miaka mingi: kwamba "do" ni "je".

Imani hiyo ina sababu zake. "You like music" inakuwa "Do you like music?" kama vile "Unapenda muziki" inavyokuwa "Je, unapenda muziki?" Inalingana kabisa. Mtu anaondoka na kanuni yake mfukoni: chukua sentensi, bandika "do" mbele, swali tayari. Halafu anakutana na "You are tired", anabandika, anapata "Do you are tired?" na haoni kilichoharibika.

"Je" haibebi kitu. Inapiga hodi tu. Ukiitoa, swali linabaki swali. "Do" ina mzigo mgongoni, na mzigo wenyewe ni wakati.

Hapa ndipo huwa nawaomba wanafunzi wakivunje Kiswahili kidogo. U-ta-kuja: mtu kwanza, wakati katikati, kitendo mwisho. Kiingereza nacho kina mpangilio uleule, "you will come", ila wao wameachanisha vipande. Sasa, wakitaka kuuliza, wanaurusha wakati umpite mtu: "Will you come?" Ni kama sisi tungesema "Taukuja?"

Darasa hucheka, nami nawaacha wacheke. Umekula: "Meukula?" Hiyo ni "Have you eaten?" Kuna mzee mmoja darasani, mstaafu, aniitaye mwalimu ingawa ananizidi umri kwa mbali. Aliupenda mchezo huu hata akawa ananiaga nao kila jioni: "Mwalimu, taurudi kesho?" Namjibu, "Nitarudi, mzee wangu." Huyu hajawahi tena kukosea "will".

Kazi huanza kwenye "You went". Wakati uko wapi hapo? Umemezwa. "Go" na wakati uliopita vimeyeyushwa pamoja vikawa "went", na huwezi kurusha kitu kilichomo tumboni. Kwa hiyo Kiingereza kinakitapisha kitenzi kwanza. "Went" inarudi kuwa "go", wakati unatoka nje, unapanda mgongoni mwa "do", na "do" iliyobeba wakati uliopita ndiyo "did". "Did you go?" Liukwenda?

Ukishaona hivyo, "Did you went?" inakera masikioni bila kuambiwa na mtu. Ni sawa na kusema "Liulikwenda?" Ni -li- mbili kwa safari moja. Ile "s" ya "lives" nayo ni hivyohivyo: ikishahamia kwenye "does" haiwezi kubaki pia kwenye kitenzi. "Does she live here?" Mwanafunzi anayesema "lives" hapo si mvivu wa kukumbuka. Anaogopa kuacha kitenzi uchi.

Na hiyo "do" huitwa pale tu panapokosekana mbebaji mwingine. Kama sentensi ina "will", "can", "should", au ile "have" ya "You have eaten", mbebaji yupo tayari, mrushe huyohuyo. "Am", "is" na "are" nazo hujibeba zenyewe. Ndiyo maana nawaambia kabla ya kuuliza lolote watazame kwanza sentensi ya kawaida: kuna nani pale karibu na mtu anayeweza kuruka? Akikosekana kabisa, ndipo umwite "do".

Zamani hata hakuitwa. Katika Biblia ya King James ya 1611, Yesu anamuuliza Petro "Lovest thou me?" Kitenzi kizima kimeruka. Rosalind, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, katika mfululizo mmoja wa maswali ya msichana aliyechanganyikiwa na mapenzi, anauliza "What said he?" na pumzi hiyohiyo "Did he ask for me?" Mtindo wa zamani na wa sasa vimekaa kinywani mwa mtu mmoja. Nilipokutana na mstari huo nilifarijika kuliko na kitabu chochote cha sarufi. Kumbe wenyewe walikuwa wakibabaika. "Are you ready?" ya leo ni mabaki ya enzi hizo.

Ukiongeza kiulizi, chenyewe kinatangulia mbele kabisa, halafu wakati, halafu mtu, halafu kitendo: "Where did you go?" Usikisahau tu kijineno kinachobaki nyuma. "Unazungumza na nani?" ni "Who are you talking to?" na ile "to" yatima ya mwisho wengi huiangusha.

"Nani" inapokuwa ndiye mtendaji mambo yanageuka. "Who broke the window?" haina "did", na wanafunzi wangu wenye bidii, wale wasiotaka kukosea tena, ndio huandika "Who did break the window?" Nawauliza: wakati ungemruka nani? "Who" ndiye mtu mwenyewe, na yuko mbele tayari. Hakuna wa kurukwa. Linganisha "Who did you see?" ambapo aliyeona ni "you", na "who" ni aliyeonwa.

Halafu kuna mtego unaowanasa waliokwishafuzu. Kiswahili kinasema "Anaishi wapi?" na "Sijui anaishi wapi", bila kubadili kitu. Mwanafunzi aliyetoka jasho kujifunza "Where does she live?" anaibeba nzima nzima na kuandika "I don't know where does she live." Hapana. Swali likishaingia tumboni mwa sentensi nyingine, kila mtu anarudi kwenye kiti chake: "I don't know where she lives." Hata ukiwa unauliza kwa adabu, kinachoruka ni cha nje peke yake: "Could you tell me where she lives?" Mimi mwenyewe niliandika "Please let me know when will you arrive" kwenye barua pepe kadhaa za kikazi kabla mtu hajanionea huruma. Na inaudhi, kwa sababu hapa Kiswahili changu kilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila nilikuwa nimeshajifunza kutokiamini.

Lakini kilichowahi kuniletea hasara ya kweli si kuuliza, ni kujibu. Mkuu wangu wa kazi alinipigia akiwa anaingia kwenye kikao. "You haven't sent the file yet?" Nikajibu "Yes", kwa sauti ya unyenyekevu, nikimaanisha ndiyo, usemavyo ni kweli, sijatuma. Akasema "Great, thanks", akakata. Akaingia kikaoni kuwafungulia watu faili ambalo lilikuwa bado kwenye kompyuta yangu, halijakamilika.

Kiswahili hukubaliana na maneno ya muulizaji. "Hujatuma?" "Ndiyo, sijatuma." Kiingereza hakimtazami muulizaji, kinatazama jambo lenyewe: limefanyika, "yes", halijafanyika, "no", hata swali liwe limevaa ukanushi wa rangi gani. "Haven't you sent it?" "No, I haven't." Kubadili hili ni kugumu kuliko sarufi yote niliyoieleza juu, kwa sababu ulimi hujibu kabla akili haijafika. Dawa niliyoipata ni kutojibu kamwe kwa neno moja. Kila "yes" naiambatanisha na "I have", kila "no" na "I haven't". Hata neno la kwanza likiteleza, mkia utanisemea.

"Do you mind" iko ukoo huohuo. Mtu aliniuliza "Do you mind if I open the window?" Nikamjibu "Yes, yes!" kwa ukarimu wote nilionao. Akaurudisha mkono taratibu, akakaa, tukaumaliza mchana wote na joto letu.

Vile vimkia vya "isn't it", "don't you", "did he" sivipi muda mrefu darasani. Sisi tuna "sivyo?" moja inayotosha kwa kila sentensi, wao wana kimkia cha kila kitenzi na kila mtu, na huko ndani kuna "I'm late, aren't I?" ambayo hakuna mwenye akili timamu angeibuni kwa makusudi. Nawaambia watumie "right?" waendelee na maisha. Najua wapo walimu watakaonuna.

Juzi tulikuwa tunapitia haya yote, na mzee wangu akanyosha mkono kwenye skrini. "Mwalimu, nina swali la kuuliza kwa Kiingereza. Lincoln alikuwa rais wa ngapi wa Marekani?"

Nikafungua kinywa. "Which president was Lincoln?" Hapana, hiyo inaweza kujibiwa "yule mrefu mwenye ndevu". "How many presidents were there before Lincoln?" Jibu lake ni 15, halafu mtu aongeze mmoja mwenyewe. "What number president was Lincoln?" Hiyo ingeeleweka, lakini nilipoitamka nilihisi nimevaa kiatu cha mtu. "Wa ngapi" yetu, maneno mawili tu yasiyo na makuu, haina mwenzake kule. Nilijaribu njia nne, darasa likinitazama, na mzee akinisubiri kwa subira ya mtu anayejua kwamba jibu ni 16 na kwamba shida yangu si jibu.

"Taushindwa, mwalimu?" akaniuliza.

Tulicheka hadi mmoja wao akazima kipaza sauti. Kisha mzee akasema kwa upole, "Basi mwalimu, liandike na hilo kwenye daftari." Nikaligeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma, ukurasa wa mwisho, ule ambao haukuwa na kosa la mtu hata mmoja.