Kumbukumbu za safari kutoka mitumba ya Kibuye

Ukipita Kisumu na unataka kitu cha kubeba nyumbani, acha kwanza vibanda vya watalii. Nenda Kibuye Jumapili, siku soko linapofurika, na ufike asubuhi kabla vitu vizuri havijachaguliwa vyote.

Kinachostahili muda wako ni vinyago vya jiwe la sabuni, lile linalochimbwa Tabaka, Kisii. Ni jiwe laini, kisu hulikwaruza bila shida, kwa hiyo mikwaruzo isikutishe. Nyufa ndizo mbaya. Pangusa kinyago kwa kitambaa chenye maji, kisha ngoja: jiwe zima likikauka, ufa hubaki mstari mweusi kwa sababu umenyonya maji. Tazama pia shingo na masikio ya wanyama. Palipounganishwa kwa gundi hung'aa. Hapo shusha bei au rudisha. Nyumbani, osha kwa maji vuguvugu, kausha kabisa, halafu sugua nta kidogo.

Kinyago cha mbao chenye vitundu na unga mpya chini yake kina wadudu. Kiache.

Kiondo, kile kikapu cha kusuka, kikague kitako na mishono ya mkanda, maana ndipo huachia. Leso (kanga) ya pamba utaijua kwa uzi: ukiuchoma hunuka karatasi na kuacha majivu, poliesta huyeyuka ikawa tone gumu.

Pembe za ndovu usiguse hata zikiwa kuukuu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi. Na zile leso ndizo za kufungia vinyago vyako vya jiwe begini.