Mutrah na mama mkwe: Jumamosi ya samaki, ubani na kupatana bei

Mama mkwe alishatangaza toka uwanja wa ndege kwamba mambo ya mall hataki, mall hata Dar zipo, yeye apelekwe Mutrah, upande wa bandari ya zamani ya Muscat, Oman, akaone soko ambalo marehemu baba yake alikuwa hamalizi hadithi bila kulitaja, enzi za majahazi. Basi Jumamosi wifi yangu hana kazi, maana Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, tukajipakia kwenye gari wote, wifi anaendesha, bi mkubwa kakaa mbele kama waziri, mimi na baba Sabra nyuma na watoto wanagombania dirisha.

Jumamosi asubuhi ndo wakati wenyewe. Ijumaa asubuhi sokoni kumelala, maduka mengi mpaka laasiri, na siku nyingine wanafunga mida ya saa saba mchana wanaenda kula na kujinyoosha, wanarudi saa kumi hivi mpaka usiku. Kwa hiyo wewe unayechelewa kuamka ukafika saa sita na nusu jua la utosi utakuta watu wanateremsha milango. Na sisi tulikuwa Januari, hali ya hewa tamu kabisa, miezi ya joto sijui watu wanatembeaje pale.

Kutoka Al Khoudh anakokaa wifi ni kilomita kama 40, barabara ya Sultan Qaboos moja kwa moja, kisha milima ya mawe matupu inaanza kuwabana huku na huku, haina hata mti, halafu mara barabara inateremka na bahari hii hapa.

Tulianzia soko la samaki kwa sababu samaki hawamsubiri mtu. Jengo ni jipya, lilifunguliwa 2017, michoro ya wasanifu wa Snøhetta kutoka Norway, paa lake limepindapinda limetengenezwa kwa vipande vyembamba vya alumini, chini kivuli kinaanguka michirizi michirizi, watoto wakawa wanairuka. Ndani meza zimejaa: jodari wa kubebwa na watu wawili, nguru, changu, papa wadogo, ngisi. Nguru pale ni mfalme, na kuna kipindi serikali inapiga marufuku kumvua, katikati ya Agosti mpaka katikati ya Oktoba, wapate kuzaana, kwa hiyo ukija miezi hiyo usimuulizie.

Sasa hapa ndo nilipomwona mama mkwe wangu kazini. Akafunua shavu la nguru akaangalia wekundu ndani, akabonyeza ubavu kwa kidole gumba kuona kama nyama inarudi, akainama akanusa, akanyanyuka akamwambia muuzaji kwa Kiswahili cha Pemba bila wasiwasi wowote, "Huyu wa jana huyu." Sie tunacheka, tunajua kijana wa watu hajaelewa, ni Mwomani na kanzu yake na kofia yake. Kijana akamjibu, "Wa leo bibi, wallahi wa leo, wa jana huyo pale kwa jirani." Jirani naye akadakia kwa Kiarabu, ikawa kelele, bi mkubwa kanoga, anataka apunguziwe kwa sababu kaitwa wa jana na hajathibitishwa. Tukanunua nusu nguru, wakamkata vipande pembeni, pale kukata kuna watu wake na unawalipa wao mbali, tukatia kwenye deli la barafu kwenye buti. Nawashauri mje na deli lenu, usipokuwa nalo samaki ubaki kumwangalia tu.

Kutoka pale unatembea kwa miguu ukingoni mwa bahari mpaka sokoni kwenyewe, sio mbali. Bandari iko kushoto, meli kubwa ya watalii imesimama ghorofa juu ya ghorofa. Zamani hapo ndo palikuwa bandari ya mizigo ya Muscat, makontena yote yakahamishiwa Sohar mwaka 2014 pakabaki pa watalii, na hili mkalizingatie kwa sababu linahusu bei, nitarudi. Upande wa pili wa barabara kuna safu ya nyumba nyeupe za zamani zenye roshani za mbao, ndo mtaa wa Walawati, jamii moja ya Waomani, unaitwa Sur al Lawatia, una ukuta na lango lake na mgeni haingii, unaangalia kwa nje basi. Bi mkubwa akasimama kabisa akasema roshani hizi anazijua, Mkunazini kule Unguja zipo. Baba Sabra akataka kumpiga picha hapo, akakataa mpaka ajitengeneze mtandio, tukasubiri.

Haya, soko. Ile njia kuu ya kuingilia kutokea baharini msiichukulie ndo soko. Ile ni ya meli. Meli ikitia nanga wanashuka watu mamia kwa mamia, wote wanapita njia ile ile, na maduka ya mbele yameshajipanga kwa ajili yao: pashmina, ngamia wa kitambaa, taa za rangi rangi, sumaku za friji, na vijana wanakuita kwa lugha zote, mi niliitwa kwa Kihindi, Kifaransa na mwishoni "jambo jambo hakuna matata" nikaona hee hata huku imefika. Bei pale ni ya mtu mwenye saa mbili za kuwepo mjini. Wewe endelea mbele, kata kushoto au kulia kwenye vichochoro, paa linashuka, njia inakuwa ya watu wawili kupishana kwa taabu, mwanga unapungua. Wenyeji zamani waliliita soko la giza, na ukiingia vile vichochoro vya ndani utawaelewa, taa zinawaka saa nne asubuhi. Huko ndo utakuta kina mama wa Kiomani wananunua vitambaa vya sare ya harusi, vyungu, dawa za asili, nyuzi za kofia, na hakuna anayekuita, ukitaka kitu unauliza.

Kitu kingine, angalia vizingiti vya maduka, viko juu, kuna na ngazi. Soko limekaa kwenye njia ya maji ya mlimani. Mvua Muscat hainyeshi mara nyingi ila ikija inakuja na mlima wote, maji yanapita humo humo kati ya maduka kuelekea baharini. Wifi akatuonyesha video kwenye simu, watu wanashikilia mizigo juu ya vichwa.

Ubani. Mama mkwe alikuwa na orodha ya watu wa kuwapelekea kuanzia Chake Chake mpaka Magomeni kwa hiyo hili duka tulikaa. Wanaweka kwenye magunia yaliyofunguliwa mdomo, yamepangwa kuanzia wa kahawia uliochanganyika na vumbi na magome mpaka ule mweupe wenye kijani kwa mbali, unaopenyeza mwanga ukiuinua. Huo wa kijani ndo Hojari, ndo wa bei. Mti unaota Dhofar huko kusini upande wa Salalah, wanachanja gome, utomvu unatoka matone matone unakauka, wanaukwangua, na ule wa mchanjo wa kwanza si kitu, mzuri ni wa baadaye. Muuzaji akatuwekea punje moja kwenye chetezo, moshi ukapanda mwembamba, harufu ina kitu cha limau ndani yake, tofauti kabisa na ule unaouzwa kwetu unaokwaruza koo. Huo huo mzuri wanauloweka kwenye maji usiku kucha wanakunywa asubuhi. Mi maoni yangu, kama ni wa kufukiza nyumba usijitese na Hojari, chukua wa kati, pesa inayobaki nunua maji ya waridi ya Jabal Akhdar, yale yana harufu ya moshi moshi kwa namna wanavyoyapika, ukishayazoea haya mengine ya dukani unaona kama sabuni.

Tukaingia duka la kofia, baba Sabra alikuwa anaitaka ya kushonwa kwa mkono. Ya mashine rial chache tu unaondoka nayo, rial moja ni kama dola 2.6 kwa hiyo msidanganyike na namba kuwa ndogo. Ya mkono ni mambo mengine, kila kitundu kimezungushiwa uzi mmoja mmoja, mtu anakaa nayo wiki na wiki. Mwenye duka mzee mtu mzima, miwani imeshuka puani. Mama mkwe akaingia na "Sabalkheri mzee wangu." Mzee akainua kichwa, akamwangalia, "Sabalkheri bibi, karibu, mtu wa wapi wewe?" "Wa Pemba." "Pemba ipi?" "Wete." Basi, sie wengine tukawa hatupo tena. Mzee kazaliwa Unguja, kwao waliondoka baada ya 1964 akiwa kijana, wakazunguka, wakaingia Oman alipokuja Sultan Qaboos 1970 na kuwaita watu wao waliokuwa nje. Kaagiza kahawa na tende, anauliza habari za karafuu, habari za barabara ya Chake, nani kafa nani yupo, na kweli wakampata mtu wanayemjua wote wawili, marehemu huyo. Kofia aliyokuwa ameitaja rial 45 ikashuka mpaka 38 bila mtu kusema punguza, nadhani ilishuka pale kwenye karafuu. Bi mkubwa akalipa yeye, akakataa katakata baba Sabra asitoe pesa.

Kwenye maduka ya vitu vya fedha tukapita kwa macho zaidi. Majambia halisi ya fedha bei yake mamia ya rial, yale ya mapambo unayapata kwa kidogo. Sabra akaona sarafu kubwa ina mama mnene, ndo zile za Maria Theresa malkia wa Austria, zilikuwa zikitumika Oman na Zanzibar kote, na zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki, hata iliyopigwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ina miaka mia mbili na ushee kwa sababu imeandikwa, tabasamu tu. Muuzaji wetu alikuwa mkweli, akaiweka kwenye kimizani, ikasoma gramu 28, akasema fedha ni fedha, umri sijui. Tukamchukulia moja.

Saa saba milango ikashuka kama tulivyojua. Tukala wali wa samaki, watoto wakakataa wakataka mkate wa jibini na krispi za Chips Oman umekunjwa ndani na chai ya karak, wakaachiwa. Halafu ngome ya Mutrah, ngazi nyingi, bi mkubwa akabaki chini na wifi. Wareno waliijenga miaka ya 1580 huko, na Waomani waliowatimua Muscat 1650 ndo hao hao wakaja kuwatoa Fort Jesus Mombasa 1698, baba Sabra akawaeleza watoto hayo yote, walichotaka wao ni mizinga.

Tulirudi sokoni jioni kwa ajili ya halua peke yake. Wanakupa kijiko uonje na kahawa chungu, ya zafarani, ya tende, ya karanga. Sukari, wanga, samli, hiliki, maji ya waridi, inakorogwa kwenye sufuria kubwa la shaba bila kupumzika masaa. Wapemba mtanisamehe ila ya Muscat imeizidi ya kwetu kwa samli, inateleza, na mama mkwe mwenyewe kaonja mara nne ndo akasema "si mbaya", akanunua mabakuli sita.

Sasa hivi kazi ni mizani ya begi. Nguru tumeshamla. Jambia la mapambo tulilonunua lazima liende kwenye begi la chini, kwenye ndege mkononi hawakubali, na ubani umesambaa kwenye nguo za kila mtu. Ijumaa wifi anatupeleka Nizwa kwenye mnada wa mbuzi, tunatoka alfajiri, na bi mkubwa keshaanza kuuliza beberu wa Oman anaendaje bei.