"Kwa hivyo" ya ukurasa wa tatu

Niko kwenye matatu narudi Rongai, na bado nawaza neno moja.

Kesho saa nne nawasilisha insha ya falsafa. Inamhusu mwanafalsafa Henry Odera Oruka, aliyefundisha hapa Nairobi na kufariki mwaka 1995. Yeye aliwatofautisha wazee wanaohifadhi hekima ya jamii na wale wanaoihoji kwa akili zao.

Mchana nikaipitisha kwenye programu ya kukagua insha. Nilitarajia makosa ya tahajia.

Ikapaka manjano "kwa hivyo", ukurasa wa tatu. Pembeni ikauliza: sababu iko wapi?

Nikasoma aya ile mara tano. Sababu haikuwepo! Nilisema mzee akipinga mila basi ni mwanafalsafa, nikasonga mbele kana kwamba nimethibitisha.

Moyo ulinishuka, kweli.

Programu haikunipa jibu. Nilimkumbuka babu, alivyokataa mashamba yagawiwe wavulana pekee, akataja sababu zake moja moja mbele ya wazee wenzake, kofia mkononi. Nikaifuta aya yote, nikaanza na yeye.

Mliosoma falsafa, nisaidieni usiku huu: kupinga kunatosha, au lazima mtu atoe sababu? Nawasubiri hapa.